Maji ya Vuguvugu

Póvoa de Varzim,
12 Februari 2017

Kwa kaka yangu Zeferino,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini baridi ya Luxemburgo haijakuingia kifuani, na kwamba wifi Graciete amepona jino. Sisi huku hatujambo. Mvua imetushika wiki ya tatu sasa, na nguo zote zinanuka uvundo.

Binamu yetu Hortênsia anakusalimu. Ana miaka miwili kwenye dawa, kidonge kimoja kila siku, na ugonjwa umesimama palepale. Vidole vya miguu bado vimekufa ganzi, ila ngazi anapanda mwenyewe na chakula kinakaa tumboni. Nilipomwambia kwamba wewe ugonjwa wa miguu unauita umbea wa madaktari, alicheka mpaka akakohoa. Akasema tangu utotoni wewe ni mbishi, mtu akikuonyesha mvua unauliza nani kaimwaga.

Juzi nilimsindikiza kliniki, Porto. Daktari alitueleza tena kwamba ini la watu wa ukoo wetu hutengeneza protini iliyokunjika vibaya, nayo huganda mwilini kama ukoko chini ya sufuria: kwanza kwenye mishipa ya fahamu ya miguu, halafu tumbo, moyo, figo. Dawa inazuia ukoko mpya. Wa zamani haiubandui. Ndiyo maana anahimiza watu wawahi. Nilimkumbuka Mama alivyokuwa akitembea kama anayekanyaga matope, na wanawake wa sokoni wakajua kabla yake. Alikufa na miaka arobaini na minne. Wewe unayo arobaini na mmoja.

Unajua nilipimwa Juni, nikakutwa sina. Ulifurahi sana kwenye simu, ukasema basi nyumba nzima imepona, kana kwamba damu yangu ilipimwa kwa niaba yako. Haiendi hivyo, Kaka. Kila mmoja wetu alizaliwa na nusu yake ya bahati, na yangu haikuhusu.

Sasa nikuambie nililokuficha. Agosti, siku ya maandamano ya Bikira Maria, ulirudi miguu imevimba kwa viatu vipya, nikakuletea beseni la maji ya chumvi. Ulidhani ni ukarimu tu. Maji yale niliyachemsha makusudi, nikayapoza mpaka mkono wangu ukaweza kuvumilia hesabu ya tatu, basi. Wewe ulitumbukiza miguu yote miwili, ukaendelea kumtukana refa wa mechi ya jana yake, kisha ukanitania kwamba nimekuwa mvivu hata wa kupasha maji, haya ya vuguvugu ni ya kuogeshea paka. Nikacheka nawe. Miguu ilitoka myekundu kama kaa wa kuchemsha, ukavaa soksi ukaenda kucheza ngoma.

Nimenyamaza miezi sita. Nilijidanganya kwamba sikutaka kukuharibia likizo. Ukweli ni kwamba niliona haya, kwa sababu nilipoitazama miguu yako jambo la kwanza lililonijia moyoni lilikuwa furaha, kwamba si mimi. Nichukie ukitaka, lakini njoo. Daktari atakuona tarehe tisa Machi, saa nne asubuhi. Yalikuwa ya moto, Kaka.

Wabusu watoto, na umwonyeshe Graciete barua hii yote, usimsomee nusu.

Mdogo wako,
Deolinda