Mstari Ulionyooka

Changsha, 3 Mei

Dada yangu mpendwa Qiaoling,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai hujambo, shemeji hajambo, na mgongo wa mama umepata nafuu. Mimi mwili mzima, ila roho imechafuka.

Dada, betri hizi zitanitia wazimu! Umeniuliza mbona miaka minne nachezea zinki na maji. Ni kwa sababu haziwaki moto, na zingetunza umeme wa jua kwa bei nafuu. Lakini kila ukizichaji, zinki huota miiba, miiba ikatoboa kitambaa kinachotenga pande mbili za betri, basi, kwisha habari yake. Zangu hazifiki wiki mbili.

Mwenzangu wa maabara, Shi Lanfen, alitia dawa yake kwenye maji mwezi Oktoba, na betri ikadumu miezi sita, mstari wa umeme wake kwenye kompyuta umenyooka kama uzi. Profesa Ouyang, msimamizi wetu, akawa anamwonyesha kila mgeni mstari huo, kisha ananigeukia na kuuliza kama zinki ya Lanfen imeshuka mbinguni na yangu imeokotwa jalalani. Nilikoma! Lanfen akaandika tasnifu nzima juu ya betri ile, akapata kazi Shenzhen, sharti awe na shahada ifikapo Juni.

Juzi mkaguzi wa tasnifu akataka betri ifunguliwe. Lahaula! Miiba tele, kitambaa kimetoboka kitambo. Umeme ulikuwa unajipitia tu kwenye miiba bila kutunzwa, ndiyo maana mstari ulitulia. Betri imekufa zamani, nasi tunaipigia makofi! Profesa akafoka kwamba hata bomba lililopasuka hupitisha maji vizuri. Shahada ya Juni imeota mbawa.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Mimi niliona. Mwezi Novemba mstari ulishuka ghafla, kidogo tu, kisha ukanyooka. Anayefanya kazi hii anajua maana yake: kitambaa kimetoboka. Nikanyamaza. Nilitaka Profesa aje aumbuke mbele ya wageni wake, na Lanfen sikumfikiria kabisa.

Jana nilishindwa kuvumilia, nikamweleza Lanfen. Hakunigombeza. Aliuliza ni mwezi gani, nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, Novemba hadi Mei, akasema kumbe muda wa kutengeneza nyingine ulikuwepo. Kisha akaenda kuosha vyombo vya maabara, vyangu pia.

Nisalimie wote nyumbani. Mama mwambie ninakula vizuri, haya mengine yabaki kwako.

Mdogo wako,
Tan Qiaozhen