Keria ya Sumaiya

Jumatatu, 5 Mei 2025

Sumaiya kashikilia lilelile: Jumapili anapanda basi, anarudi kwao Tanga. Kachoka kukaa ndani. Eti ghorofa hili la Joubert Park, hapa Johannesburg, ni jela na mimi ndiye askari wake. Askari! Nimemkataza tu teksi, daladala za huku, kwa usalama wake. Sawa — baiskeli ninayo. Nitafunga keria, nimpakie mwenyewe kila asubuhi mpaka Randburg, akashone na wenzake, jioni nimrudishe. Kwao Tanga wake za watu wanapakiwa hivyohivyo na hakuna anayelalamika. Anataka nini tena?

Jumanne, 6 Mei

Duka la baiskeli. Muuzaji, Chris, kanitolea keria ya aluminiamu, mwisho kilo ishirini na tano. Nikamuuliza, mke wangu nimkate vipande? Akasema keria si ya watu, ni ya mabegi. Mji huu kila mtu na gari lake, yuko peke yake ndani, halafu wanifundishe mimi keria. Ovyo kabisa. Nikaenda kwa Karimu, Mtanzania mwenzangu, fundi wa kuchomelea. Nondo tupu. Hiyo ndiyo keria.

Alhamisi, 8 Mei

Imefungwa — kwa taabu. Baiskeli zao hizi hazina hata tundu la boliti, na nyuma kuna breki ya diski, imekaa palepale mguu wa keria unapotakiwa kushika. Nikaupinda kwa nyundo, nikaubana kwenye ekseli. Juu nimeweka sponji, nikaivisha ngozi bandia nyekundu, rangi anayoipenda. Nadhani.

Lambert, jirani yangu Mkongo, kajaribu kukaa, nikamsukuma kidogo. Mguu wa keria ukagusa diski, ikalia kama mbuzi. Kacheka mpaka kashika ukuta. Kisha kajifanya padri: eti, yaya — ndiyo kaka kwao — na mlima ile ya kwenda Randburg? Acha chuma, usemezane na mama. Nimsemeze nini? Mtu unampa usafiri wa bure, tena mlangoni, bado anataka hotuba. Na huyo Lambert mwenyewe hajaoa.

Sumaiya alikuwa dirishani. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeupinda mguu tena. Haugusi. Nimemwita ashuke nimzungushe, raundi moja tu, mpaka kwenye robot, taa za barabarani, na kurudi. Kasema anakunja nguo.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumapili, 11 Mei

Kashuka mwenyewe! Kavaa buibui lake jipya, kajitia manukato. Akaipapasa sponji, akauliza kama keria ni imara. Nikamwambia inakubeba wewe na mama yako juu. Akatabasamu, wallahi, tabasamu ambalo sijaliona tangu Ramadhani.

Kisha akalivuta lile begi kubwa kutoka nyuma ya mlango, akalipandisha juu ya ngozi nyekundu. Akalifunga mwenyewe kwa mpira wa tairi, kwa fundo la kwao. Halichezi. Akaniambia, "Wewe kokota tu, Naseeb. Mimi nitatembea, Park Station kwenye mabasi si mbali."

Nikasema boliti moja imelegea, ngoja nikafuate spana juu.

Niko juu. Spana iko mfukoni. Ananiita kutoka chini, taratibu, wala hana hasira. Anauliza kama nimeiona.