Marisau ya Chuma

Blaine, Minnesota
16 Oktoba 2016

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote mlio hapo Goma. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Sisi tu wazima. Mwanangu Maombi amekua hata kunipita kimo, na nikimsemesha Kiswahili bado ananijibu kwa Kiingereza. Barua hii nimempa Kassian anayekuja huko, kwa sababu mambo niliyo nayo siwezi kuyasema kwenye simu watu wakisikiliza.

Usishtuke nikikwambia mjukuu wako anajifunza kuwinda. Huku wasichana nao huwinda, wakishasomea usalama wa bunduki na kufaulu mtihani. Anayemfundisha ni mzee Alfred wa kanisani kwetu. Jumamosi alitupeleka dukani kuchagua risasi za kuwindia ndege wa nyasini, wenye mkia mrefu, wakubwa kama kuku. Kila moja ya risasi hizo imejaa punje ndogo ndogo, yaani marisau. Muuzaji alitutolea za madini ya risasi, akasema zinamfaa anayeanza kwa kuwa ni nzito na zinaua vizuri, na kwa ndege hao sheria inaziruhusu. Nikakataa. Mzee Alfred akaniunga mkono. Alimchagulia Maombi za chuma, zisizosukuma bega sana, punje zake kubwa kidogo kwa kuwa chuma ni chepesi, akamwagiza asimlenge ndege aliye mbali. Ndani ya gari Maombi aliniuliza kwa nini nilizikataa zile za kwanza. Nikamwambia afunge mkanda.

Unajua nafanya usafi kwenye kliniki ya ndege, Saint Paul. Kila mwaka majani yakianza kupukutika wanaletwa tai waliokula mabaki ya wanyama waliopigwa na wawindaji. Mwaka jana aliletwa mmoja mabawa yamelegea, shingo inatikisika, makucha yamejikunja kama ngumi na hayafunguki. Daktari Stacy alinionyesha kwenye eksirei chembe nyeupe tumboni mwake, ndogo kuliko punje ya mtama. Akasema ni madini ya risasi, na sumu yake hupanda hadi kwenye ubongo. Nikamuuliza kama mtu naye huweza kuugua hivyo.

“Huugua, na mtoto mdogo huugua upesi kuliko mtu mzima,” akanijibu.

Tangu siku hiyo, Mama, namwona mdogo wangu Eliezer. Nikiosha vizimba namwona amelala mkekani kule Masisi, ana miaka mitatu, vidole vimejikunja vile vile, na wewe unajaribu kuvifungua kimoja kimoja.

Marehemu Baba alikuwa akiyeyusha risasi ya betri za magari ili atengeneze marisau ya gobori lake. Aliiyeyushia kwenye sufuria ndogo nyeusi nyuma ya nyumba, akanikataza nisiiguse. Niliichukua. Ulikuwa ukienda shambani alfajiri, ukiniachia unga wa uji wa Eliezer, na sufuria ile ilichemka haraka, nami nilitaka kuwahi shule. Nilimpikia humo msimu mzima wa mvua. Kila siku niliirudisha kabla Baba hajafika.

Wazee walipouliza ni nani alimlisha mtoto siku aliposhikwa na degedege akafa, nilimtaja Shangazi Uwimana. Ni kweli alimlisha, lakini uji niliupika mimi, na nilijua nimeupikia wapi. Niliogopa fimbo. Mkamwita mchawi, mkamfukuza. Alipokuwa akifunga mzigo wake aliniambia, “Euphrasie, wewe ulikuwepo. Waambie.” Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sikuwaambia.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya Shangazi. Sikuifunga. Isome, kisha umpelekee huko Sake anakoishi, kwa mkono wako. Ukishindwa sitakulaumu. Kassian ana nakala, na mwisho wa mwezi yeye mwenyewe atampelekea Shangazi. Na ukiona huwezi tena kuniita mwanao, hilo nalo nitalipokea.

Nisalimie kaka Munyaneza na watoto wake. Mungu akushike unaposoma haya.

Mimi binti yako,
Euphrasie