Fundi, Nimemwambia Mama Deo

Fundi wangu,

Shikamoo. Najua marehemu haitikii, lakini wewe hukuwa unapokea hata kitambaa mkononi mwangu kabla sijakuamkia, kwa hiyo leo nami naanza hivyo hivyo.

Nimekukasirikia. Nalisema mapema, maana nikizungukazunguka nitalia na barua haitaisha. Nimekukasirikia na bado nakukumbuka kila ninapofungua kibanda chetu cha ushonaji hapa Izia. Baridi inaingia pamoja nami, na ninasubiri unigombeze nifunge mlango.

Zile gauni za Komunio ulizoziacha nusu nilizimaliza mwenyewe. Mikono ya gauni mbili ilinishinda, nikaifumua na kuishona upya huku nikikutukana kimoyomoyo. Wateja wengine hawajarudi, wanasema cherehani yako ina mkosi. Wengine wanasema uliuawa na pombe. Hilo linaniuma kuliko yote, kwa sababu wewe hata pombe ya kimpumu ya harusini ulikuwa unampasia jirani.

Lakini walikuona ukiyumba. Hata mimi nilikuona. Kliniki walipokuongezea vidonge vipya juu ya fenobabitoni, dawa ya kifafa uliyokuwa unameza tangu ujana, kifafa kilipungua kweli, na sote tulishukuru. Kisha ukaanza kusinzia juu ya cherehani, mguu bado uko kwenye pedeli. Ulimi ukawa mzito. Mama Deo akasema, "Mwache mume wangu alale, mwili unapona." Nami niliamini, maana ni nani anayeuogopa usingizi? Ukamshonea mwalimu mmoja wa shule suruali yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Akacheka, akakuuliza umetokea kilabu gani. Wewe hukucheka, Fundi. Ulikunja ile suruali taratibu, ukaiweka chini ya meza.

Tangu mwanzo uliwabishia wote kuhusu dawa mbili. "Ukiweka zipu mpya, unang'oa ya zamani," ulisema. "Nani amewahi kuvaa zipu mbili?" Tulidhani ni utani wako wa kawaida. Mama Deo alikusihi umeze zote, na kila jioni ulimwambia umeshazimeza kibandani.

Halafu ghafla ukachangamka. Uliimba nyimbo za kwaya, pindo zako zikanyooka, ukanitania kwamba nashona kama ninayelima. Nilifurahi kiasi gani! Siku chache tu. Ijumaa ile asubuhi ukaanguka, na kabla hujazinduka kikaja kingine, na kingine juu yake. Nilikushika kichwa ndani ya bajaji, nikakuita mpaka sauti ikakauka. Tulipofika hospitali ulikuwa umeshaondoka.

Baada ya mazishi, Mama Deo alisema mbele ya watu wote kwamba vidonge ndivyo vilivyokuua. Akamkataza Deo wako vya kwake. Unajua mwanao naye anaanguka kifafa, na kwamba fenobabitoni ndiyo iliyokuwa imemtuliza hata akaweza kwenda sekondari. Haikupita wiki, akaangukia bombani akapasuka juu ya jicho. Mama yake alimfunga kitambaa, akasema bora kovu kuliko kaburi.

Siku zile zile nilikuwa natafuta bobini ya cherehani kwenye droo yako. Chini ya vifungo nikakuta fenobabitoni zako. Pakiti nzima, hazijaguswa.

Nilizipeleka kliniki, nikamweleza nesi kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani. Alisema ile dawa mpya huuzuia mwili kuitoa ya zamani, kwa hiyo ya zamani ilikuwa inarundikana ndani yako, na ndiyo iliyokuwa inakulaza na kukuyumbisha. Ungerudi tu ukasema unasinzia, wangekupunguzia ile ya zamani kidogo kidogo. Mwili ulioizoea miaka yote hiyo haunyimwi kwa siku moja. Ukinyimwa, kifafa kinarudi kwa nguvu zote.

Kumbe dawa hazikukuua, Fundi. Ulikufa kwa kuiacha moja.

Nilikaa nje ya kliniki muda mrefu. Nikinyamaza, wewe unabaki mume mkweli, na Deo anabaki bila dawa. Nilitamani sana kunyamaza. Ulinifundisha kazi nilipokuwa sina mbele wala nyuma, na sikutaka niwe mimi wa kukuvua nguo mbele ya mkeo.

Jumapili baada ya misa nilikwenda nyumbani kwako Pito. Mama Deo alikuwa anapepeta ulezi. Nikaiweka ile pakiti mbele yake, nikasema yote. Hakupiga kelele. "Kila jioni?" aliuliza. "Alikuwa ananidanganya kila jioni, mimi mke wake?" Akaendelea kupepeta, na ulezi ukawa unamwagika nje ya ungo bila yeye kuona. Kisha akaniambia niondoke kwake.

Kesho yake asubuhi waliupita mlango wa kibanda, yeye na Deo, wakielekea kliniki. Hakunisalimia. Mpaka leo hanisalimii. Deo ndiye anayeniambia kwamba anameza tena, kama walivyoelekezwa, na kwamba huenda siku moja ataongezewa ya pili. Ndiye aliyeniambia pia kwamba picha yako pale sebuleni imegeuzwa ikaelekea ukutani.

Pole, Fundi. Hilo nimelifanya mimi.

Nakuahidi jambo moja. Siku watakayomwongezea Deo dawa, nitakwenda naye, mama yake apende asipende. Nitamtajia nesi kila anachomeza, hata dawa za mizizi za bibi yake. Akianza kusinzia darasani au ulimi kumlemea, nitamrudisha kliniki, na nitamwambia aseme bila aibu kile ulichoona aibu kukisema.

Buriani, mwalimu wangu. Kama unanikasirikia huko uliko, nikasirikie tu. Ilibidi nichague kati ya jina lako na mwanao, nami nimemchagua Deo.

Mwanafunzi wako,
Skola