Majembe Yalale, Vijiti Vichimbe

Furaha mwanangu,

Mimi nasema, mdogo wako Sifa anaandika. Nimemkataza kulainisha maneno yangu.

Gari lilikurudisha kutoka hospitali ya Mbarara umefunikwa shuka. Tukakuzika hapa kambini Juru, na kesho yake mvua uliyokuwa unaingojea ikaja. Desturi yetu unaijua: kwenye matanga jembe haligusi udongo mpaka wajomba waje kuyaondoa. Wajomba zako wako Uvira, ng'ambo ya mipaka. Watafika mvua imekwisha. Na baba za wale watoto uliowafundisha shambani wamesema wazi: msimu huu kusipoota kitu, watoto wabaki nyumbani, kucheza matope si shule.

Watoto wakaja tu. Wakacheza mazishi yako. Gunzi la mahindi wakalifunga kitambaa, wakalibeba kwenye jani la mgomba, wakaliimbia, wakalizika. Mke wa mchungaji akachukua fimbo. Nikamwambia aanze na mimi. Wewe ulisema, "Mama, waache, mutoto anawaza na mikono," nami nikakucheka. Sicheki tena.

Esta, yule mdogo aliyepanda maharage ya kuchemshwa akayamwagilia maji mpaka akalia, akanishika kitenge kama bibi yake. "Tate, mwalimu Furaha ataota lini?"

Nikamwambia haoti. Mtu haoti. Sikumdanganya.

Akafuta kamasi, akafikiri. "Basi tupande maharage. Yenyewe inaota."

Sasa, desturi imesema jembe. Kijiti haikukitaja. Nikaketi kwenye mkeka wa matanga, wao wakachimba kwa vijiti na vidole, mmoja akijifanya trekta, mwingine akiwa ng'ombe wa kufukuzwa. Mwenyekiti wa kijiji akaja kusema ninawatukana wafu. Nikamwuliza ni mfu gani aliyemlalamikia. Akaenda zake.

Yametoka, Furaha. Mstari umepinda kama njia ya mbuzi, fasi nyingine mbegu zimesongamana, lakini yametoka. Baba zao walipita kutazama. Asubuhi watoto wote walikuwa hapa.

Ninakukosa mpaka ninakasirika. Si mama ndiye huzikwa na mwanawe? Basi.

Lala. Watoto hawa siwaachi mpaka nilazwe karibu nawe. Wajomba wakifika na maneno yao, nitawapikia maharage haya haya, na wataomba waongezwe.

Mama yako