Tangi la Baba Lisishuke Chini ya Nusu

Mpendwa mshauri, msaada ninaouomba si wa mapenzi, ni wa lori, tena lori kuukuu la baba yangu lenye tangi lililooza kutu kwa ndani, alilonikabidhi macho yake yalipofifia, akanipa ufunguo na sharti moja, "Mwanangu, dizeli isishuke chini ya nusu tangi," nami nikaitikia huku moyoni nasema huu ni ukaidi wa uzee, maana kila asubuhi alitoka na mkongojo wake, akaligonga tangi kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, kisha akasema, "Ongeza kidogo," na mimi naona ananichelewesha tu.

Juzi nilipakia saruji ya mwashi, mawingu yametanda, nikaona nikipitia kituo cha mafuta mvua itanikuta, nikaenda hivyo hivyo mpaka mshale wa mafuta ukalala, na katikati ya mlima lori likakohoa mara mbili likazima, nikaweka mawe kwenye matairi, nikafungua filta, na mshauri, kilichotoka humo kilijaa kiganja, uji mwekundu wa kutu, nikakaa chini kando ya barabara nimeduwaa, kwa sababu baba aliendesha juu ya uchafu ule miaka kumi na mmoja na lori halikumzimia hata siku moja.

Muuza vipuri anasema nifunge filta laini kuliko zote pale pale mafuta yanapotokea kwenye tangi, fundi wangu anasema hiyo itanizibia, nifunge ya matundu makubwa basi, na baba sijamuuliza, kwa kuwa aliapa siku lori likizima mlimani ataliuza kama chuma chakavu, nami nimemwambia nilicheleweshwa na mvua. Nichague filta ipi ili asijue kamwe?

Binti wa Dereva

Binti wa Dereva, pole, ila filta ya kumficha baba bado haijatengenezwa.

Washauri wako wawili kila mmoja ana nusu ya ukweli. Ukitanguliza ile laini, itaziba kabla wiki haijaisha na utarudi kuweka mawe kwenye matairi. Ukifunga ya matundu makubwa peke yake, kutu laini itapenya ikatafune nozeli zinazonyunyizia mafuta kwenye injini. Funga zote mbili. Kati ya tangi na pampu weka ile ya matundu makubwa, yenye kikombe cha kioo, uone uchafu unavyokusanyika. Baada ya pampu ndipo ikae ile laini. Tembea na za akiba.

Lakini filta ni leso, haiponyi mafua. Lishushe tangi, mwaga mafuta yote, tia kokoto na kipande cha mnyororo vikwangue kutu, tikisa mpaka mikono iume, suuza, kausha kabisa. Likivuja, tafuta lingine, na mtu wa kuchomelea asilisogelee na moto wake.

Sasa nikuambie kilichonikosesha usingizi. Nimeshika spana miaka thelathini na sijakutana na mtu wa namna ya baba yako. Dizeli ikiwa nyingi, kutu hutulia chini. Ikipungua, kila mlima huivuruga na pampu huimeza. Mzee yule alijua kwa kidole kimoja, bila kufungua kitu, mahali usalama unapoishia. Nimesoma barua yako mara tatu kwa heshima. Ulikuwa na bingwa uani kwako ukamwita mkaidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe shukuru kwamba umevunjika safari tu.

Kwa hiyo ile kutu usiitupe. Itie kwenye kikopo, umpelekee, umimine kiganjani mwake. Mwambie, "Baba, nilishuka chini ya nusu, likanizimia mlimani," kisha funga mdomo. Akitaka kuliuza, ni lake. Ila mwache kwanza aipapase, ajue alichokibeba miaka yote hiyo bila kusimama.

Na akikuachia ufunguo, siku tangi litakaporudi safi usiwashe lori. Mwite baba aligonge kwanza.