Mlango wa Kanisa Uliokutwa kwa Fundi Randa

KITUO CHA POLISI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Funguo (jina la kitambulisho limo kwenye jalada, shahidi amesema hilo haliitikii)
Umri: Miaka 63
Kazi: Mshonaji, pia mtunzaji wa kujitolea wa kanisa dogo la ufukweni
Makazi: Nyumba ya tatu nyuma ya ghala la chumvi
Tarehe na saa: 13, mwezi wa nane, saa 4:05 asubuhi
Kuhusu: Kutoweka kwa mlango mmoja, madirisha mawili, mabenchi kumi na manne, meza ya ibada na kengele

Mimi niliyetajwa hapo juu nina akili zangu timamu na sijalazimishwa na mtu. Nimemwomba afande aandike ninavyosema, asininyooshee maneno. Mlalamikaji katika jambo hili ni mwanangu wa kwanza. Anayeshikiliwa ni mdogo wangu wa tumbo moja, yaani mjomba wake. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nimeyaficha.

Kanisa lenyewe ni chumba kimoja cha mawe, hatua arobaini kutoka maji yanapofika yakijaa. Hufunguliwa miezi minne kwa mwaka, kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu, bahari inapotulia na watu wa likizo wanapokuja. Wakati huo linajaa hadi nje. Mwezi wa nne upepo hugeuka, mvua hupiga upande wa mlangoni, na hapo hubaki sisi tunaolitunza. Tuko nyumba kumi na mbili. Hakuna aliyetuajiri na hakuna wa kutufukuza.

Ufunguo ninao mimi, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Mwaka wa kwanza tulifunga mlango tukaenda zetu, tukidhani jengo likifungwa limetunzwa. Tuliporudi mwezi wa kumi na moja tulikuta mlango umevimba hauendi mbele wala nyuma, bawaba zimeliwa na kutu, mabenchi yameota ukungu, na meza ya ibada ukiibonyeza kidole kinazama. Nilikaa chini nikalia, sioni haya kusema. Mdogo wangu, ambaye ni seremala na watu wote wanamwita Fundi Randa, ndiye aliyesema kwamba mbao zinataka kuishi na watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ukuta wa kujenga hatukuwa nao.

Tangu mwaka ule, Jumatatu baada ya ibada ya mwisho ya msimu, tunalivua kanisa. Ndivyo tunavyoita wenyewe, kulivua. Tunang'oa mlango na bawaba zake, tunatoa madirisha, mabenchi, meza, tunashusha kengele. Kila nyumba inachukua cha kwake na kukaa nacho miezi saba. Mbao zinaoshwa kwa maji ya kisima mara tatu, mpaka ukilamba ubao husikii chumvi. Ndiyo, tunalamba. Afande amecheka hapa na nimemtaka aandike kwamba amecheka. Kisha zinaanikwa kivulini, zinapigwa msasa, zinapakwa mafuta, na mabenchi yanakaliwa, kwa sababu benchi lisilokaliwa mchwa huliona kabla yako. Mlangoni tunapigilia bati kuukuu. Mwezi wa kumi na moja tunalivika tena, na mgeni akija anakuta kanisa linang'aa, anasema ajabu hali ya hewa ya hapa haiharibu vitu.

Orodha hatujawahi kuandika. Nani aandike, na amwandikie nani? Kila mtu anajua kilicho kwake kama anavyojua sufuria yake. Kama hilo ni kosa, ni letu sote kumi na wawili, si la Fundi Randa peke yake.

Mwanangu alikwenda shule ya bweni mwaka uleule niliopewa ufunguo. Akawa anarudi likizo ndefu tu, na likizo ndefu ni msimu. Alipomaliza akapata kazi mjini, akaoa, na mpaka leo huja msimu, na wajukuu, wiki mbili, kama wageni wengine. Mwezi wa kwanza mwaka huu kanisa kubwa la mjini, ambalo hili letu ni tawi lake, lilimchagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya mali. Nilifurahi, niliwapikia majirani. Sikumweleza habari ya kulivua kanisa kwa sababu haikunijia kwamba hajui. Mtu umemzaa wewe, utaanzaje kumwambia kwenu kulivyo?

Mnamo tarehe 11, siku ya Jumamosi, yapata saa 3:20 asubuhi, nilikuwa nyumbani kwenye cherehani nikishona mito. Nilisikia gari la polisi likipita kuelekea karakana ya mdogo wangu, iliyo umbali wa nyumba nne. Nilitoa mguu kwenye pedali, nikatoka moyo mkononi na tepu yangu ya kupimia shingoni. Nilimkuta Fundi Randa amekwisha kupandishwa nyuma ya gari. Mlango wa kanisa ulikuwa juu ya meza zake mbili za kazi, upande mmoja umepakwa mafuta, wa pili bado mkavu. Askari wawili waliubeba wakautupa garini. Niliwaambia mlango huo nimeung'oa mimi, na kwamba wakitaka mwizi wamfunge aliye mbele yao. Mmoja akanijibu kwa adabu, sikatai, kwamba nije Jumatatu niandikishe.

Gari la mwanangu lilikuwa limesimama nyuma ya lile la polisi. Yeye alikuwa ndani, kioo kimepandishwa. Tulitazamana. Simu yangu ilikuwa mfukoni mwa gauni na tangu alfajiri haikulia hata mara moja.

Baadaye nimeelewa kilichompata. Alikuja na fomu ya kuorodhesha mali, akakuta bati mlangoni, akachungulia, ndani kweupe. Akajua ufunguo anao mama yake. Akaona asipotoa taarifa haraka, kesho lawama itaniangukia mimi. Basi akakimbia kituoni kunilinda, na aliporudi na askari wakauona mlango karakanani. Akanilinda kwa kumfunga mdogo wangu.

Mdogo wangu alipohojiwa alisema maneno mawili tu, "Muulizeni dada." Nimeambiwa polisi walimwona mkaidi. Fundi Randa si mkaidi, ni mtu wa maneno machache tangu utotoni, na alikuwa na sababu. Alijua akitaja nyumba moja, gari litapita zote, na kila kilichooshwa na kukaushwa kitakuja kumwagwa hapa uani kwenu penye tope.

Jumapili tarehe 12, saa 8 mchana, nilikuwa nimerudi kutoka kituoni kumpelekea mdogo wangu chakula. Mwanangu akaja nyumbani. Ni mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwona sebuleni kwangu mwezi wa nane, na sitasema sikufurahi kumwona. Alinisalimia vizuri, akaketi, akaanza kunieleza hasara iliyotokea. Alisema mabenchi kumi na manne ya mbao ngumu hayapatikani tena siku hizi, na kwamba watu walioyachukua hawana hofu ya Mungu. Alipokuwa akisema hayo alikuwa amekalia mojawapo. Nimelitandika mto mwekundu, na ndilo la tatu kutoka mbele, upande wa kushoto, ambapo yeye na mkewe hukaa kila msimu. Lililo kwangu nalitaja kwa sababu ni langu kulitaja, ya wengine sitaji.

Sikumwambia hapo hapo. Nilitaka kwanza nisikie amekuja na nini. Akasema, "Mama, wewe andikisha tu kwamba mjomba alichukua mlango bila ruhusa yako. Kamati itamsamehe, jioni atakuwa nyumbani, na jina lako halitaguswa."

Nilimuuliza na hivyo vingine je. Akasema vingine vitatafutwa taratibu, muhimu ni jambo liishe bila aibu. Nikamwambia mimi sikuzaliwa kufunika kombe. Nikamwambia, "Msamaha ni wa mkosaji. Mjomba wako akitoka kwa msamaha, atakufa akiitwa mwizi wa kanisa alilolishikilia kwa mikono yake. Atatoka kwa haki au nitaingia nikakae naye." Akaniuliza kama ningependa yeye aonekane mjinga mbele ya kamati. Nilimwambia ujinga hauui, na kwamba mimi mwenyewe nilipopewa ufunguo nilikuwa mjinga mwaka mzima. Akaondoka bila kunywa chai. Sikumsindikiza mlangoni, na hilo limeniuma, maana simu isiyolia na kioo cha gari havijanifanya nisahau kuwa nilimbeba mgongoni.

Leo nimefika kituoni saa 1:30 asubuhi. Jambo la kwanza nililoliona ni mlango wetu umelazwa uani, upande mkavu juu, umelowa umande, na kuku watatu wamesimama juu yake. Niliomba usogezwe. Nikaambiwa ni kielelezo, hakiguswi mpaka mkubwa afike. Niliwauliza kama kielelezo kikioza watampelekea hakimu uji. Saa 4:30, katikati ya maelezo haya, nilimwomba afande ruhusa tena, na safari hii nilitoka kabla hajanijibu. Nimeuinua mwisho mmoja nikaegemeza ukutani chini ya paa. Nina miaka sitini na mitatu na mgongo unaniuma. Afande wa zamu akaja kunisaidia mwisho wa pili. Namshukuru, na sitaki akaripiwe kwa hilo.

Nimeulizwa nani alitoa ruhusa ya kuhamisha mali ya kanisa. Nimejibu ni mimi. Nimeulizwa kama kuna barua. Nimejibu chumvi haingoji barua. Nimeulizwa kengele iko wapi. Kengele imelala chini ya kitanda cha mtu, imefungwa blanketi, ulimi wake umetolewa ukapakwa grisi. Kitanda cha nani, sisemi. Nimeulizwa majina ya waliochukua mabenchi mengine. Sisemi. Nimeelezwa kuwa kunyima polisi taarifa kunaweza kuniletea matatizo. Nimejibu kwamba matatizo yanajua kwangu, ni nyumba ya tatu nyuma ya ghala la chumvi, na hayajawahi kunikuta nimejificha. Anayetaka kuyaona mabenchi na aje tarehe moja, mwezi wa kumi na moja, na kitambaa cha kufutia. Atayahesabu yakiingia, moja baada ya jingine, na atabeba pia.

Sina ugomvi na kamati. Wakitaka orodha, nitawaandikia, na nitaiandika baada ya mdogo wangu kulala kwake. Wakitaka kuleta kampuni ya kulilinda jengo, wailete, lakini waiulize kwanza kama italamba mbao. Na mwanangu sina ugomvi naye. Hasira ninayo, tena nyingi, na nitakaa nayo mpaka iishe yenyewe. Nilimsomesha mbali ili awe mtu, na amekuwa mtu. Kosa langu ni kwamba kila alipokuja nilimkutanisha na kanisa limevaa, nikapiga deki, nikatandika shuka mpya, nikamwachia aone kwao ni mahali pa likizo.

Kwa hiyo naandikisha hivi. Mlango huo haukuibwa. Niliung'oa mimi Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nne, saa 2 asubuhi, kwa bisibisi yangu mwenyewe. Fundi Randa alishika mwisho wa pili kwa sababu nilimwambia ashike. Kama kuung'oa ni wizi, basi nimeiba mlango huo mara ishirini na moja na nimeurudisha mara ishirini, na huu mwezi wa kumi na moja nitaurudisha mara ya ishirini na moja. Andikeni jina langu panapostahili. Nimekuja na dawa zangu za presha na kanga ya kujifunika, sina haraka ya kwenda popote mpaka yule aliye ndani atoke.

Hayo ndiyo niliyoyafanya na kuyaona, na kesho ukiniuliza nitayasema hivihivi. Nimesomewa nikayasikia. Nimekataa mahali pamoja palipoandikwa "mali iliyoibwa". Afande amepapiga mstari mbele yangu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Nimeandika maelezo haya kwa kuyasikia kutoka kwa shahidi, nikamsomea, akayakubali na kutia sahihi saa 6:15 mchana. Shahidi aliombwa arudi nyumbani kusubiri. Alikataa, akakaa kwenye benchi la mapokezi na kuanza kushona.

Saa 6:50 mlalamikaji alifika kituoni. Kwa kuwa ndiye mlalamikaji, mkuu wa kituo aliniagiza nimpe maelezo haya ayasome. Aliyasoma akiwa amesimama. Alipofika ukurasa wa pili aliomba kiti. Alipomaliza aliuliza kama maelezo yake ya tarehe 11 yanaweza kufutwa. Alielekezwa utaratibu, akaandika kwa mkono wake kwamba hakuna kilichoibwa na kwamba hakuuliza kabla ya kushtaki. Nilimwambia sentensi ya pili si lazima kisheria. Alisema iachwe.

Aliyekuwa akishikiliwa aliachiwa saa 7:25. Mlalamikaji alimshika miguu; aliyeachiwa alimwinua.

Mlango ulikabidhiwa saa 7:40 bila uharibifu mpya, isipokuwa alama za kuku. Gari la kuubeba halikupatikana. Ulichukuliwa kwa miguu na watu watatu: shahidi mbele, nduguye katikati, mlalamikaji nyuma. Walipofika getini mlalamikaji aliuliza unapelekwa nyumba gani. Shahidi hakugeuka. Alisema, "Beba, utapaona."